Kamera Iliniuliza, Nikajibu kwa Majivuno

Kamera yangu ya Canon haikuwahi kunisemesha zaidi ya kulalamika kwamba kadi imejaa. Asubuhi ya harusi ya binamu yangu, nilipoichomeka betri mpya na kuiwasha, ikanihoji. Kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba mawasiliano na betri si ya kawaida, na chini yake swali: je, betri hii ina nembo ya Canon? Ndiyo au Hapana.

Nikaichomoa, nikaigeuza. Nembo ilikuwapo, tena kubwa kuliko ya betri yangu ya zamani. Nikairudisha, nikabonyeza Ndiyo, kifua mbele, kama mwanafunzi aliyekuta mtihani unamuuliza jina lake. Kamera ikaleta maelezo mengine. Nani asome maelezo na bibi harusi anavaa? Nikatafuta pa kutokea, nikatoka.

Betri hiyo niliipata siku niliyokwenda kununua lenzi. Kuna mtu mtandaoni alikuwa anauza lenzi ya milimita 50 iliyotumika, na mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilikwenda na tochi. Nikaimulika mbele na nyuma nikitafuta ukungu ndani ya vioo. Nikalinganisha namba iliyochapwa kwenye lenzi na iliyo kwenye boksi, tarakimu moja moja, kidole kikifuata. Nikaifunga kwenye kamera yangu, nikapiga ukuta, nikapiga mti, nikampiga na muuzaji mwenyewe, sikio likiwa karibu nisikie mota inavyotafuta fokasi. Muuzaji alipiga miayo mara tatu. Mwishowe akasema, "Bosi, wewe huibiwi."

Hapo ndipo aliponimaliza. Nilikuwa bado nimevimba kichwa alipotoa kimfuko: betri mpya, memori kadi ya GB 128, na filta ya kukinga lenzi. Vyote kwa bei ya kutupa, kwa sababu, alisema, nimemfurahisha. Nikavipokea bila hata kuwasha tochi.

Lenzi ilikuwa halali, mpaka leo inafanya kazi. Vile vitatu vingine vilikuwa feki tupu. Na dalili zilinikodolea macho! Kwenye boksi la betri neno "orijino" liliandikwa mara tatu. Ile stika ya kung'aa, ambayo ya kweli ukiinamisha mwanga wake hubadilika, yangu ilikuwa karatasi ya fedha tu. Niliposugua kidole, fedha ikahamia kidoleni. Betri yenyewe ilikuwa nyepesi kama imekonda kwa ugonjwa. Filta tuiache, kile kilikuwa kioo cha dirisha kilichokatwa duara.

Basi harusi ikaanza. Nilipiga viatu vya bibi harusi vikiwa juu ya kiti, chini ya kiti, pembeni ya kiti. Nikapiga pete. Nikapiga maua na viti vitupu, na watoto wawili waliokuwa wananifuata kila nilikokwenda wakitoa ndimi. Memori kadi ya GB 128, niogope nini? Kamera ilikuwa inaniambia bado kuna nafasi ya maelfu ya picha, nami nikawa natumia kama mtu aliyerithi.

Bwana harusi aliposhika pete, kioo kikazimika, pii. Nikabonyeza huku na huku, kimya. Betri iliyochajiwa usiku kucha imekufa kabla ya adhuhuri. Nikafungua kifuniko niichomoe niweke ile kuukuu. Haitoki. Ilikuwa ya moto na imevimba ubavu mmoja, imejibana humo kama mgeni asiyetaka kuondoka. Nikaigeuza kamera, nikaigonga kiganjani. Ukumbi mzima kimya, unasikika ule mlio wa kugonga tu: pa, pa, pa. Bwana harusi ameinua pete angani, ananingoja mimi. Mzee mmoja wa safu ya mbele akanyanyuka, akasema "lete hapa mwanangu," akaingiza kucha zake mbili na kuing'oa kama jino. Watu wakapiga makofi. Pete ikavikwa, nikapiga, na betri yangu kuukuu ikanisitiri mpaka jioni.

Nikajiona shujaa. Kila picha niliyopiga niliiona ikitokea kwenye kioo, safi, bibi harusi anacheka, shangazi analia.

Usiku nikachomeka kadi kwenye kompyuta. Mafaili 1,140, yamejipanga. Ya kwanza mpaka ya 271 yakafunguka bila shida. La 272 likagoma. La 273 likagoma. Nikaruka mpaka la mwisho: jina lipo, ukubwa upo, ndani hamna kitu.

Nikamkimbilia rafiki yangu mtundu wa kompyuta. Akaweka programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo hujaza kadi data halafu inaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Tukangoja. Kadi ilikuwa ya GB 8. Kichipu chake kilikuwa kimefundishwa kudanganya kwamba ni 128, kwa hiyo zikishajaa zile 8 za kweli, kinaendelea kupokea picha kwa adabu zote na kuzitupa. Na zile nilizoziona kwenye kioo? Kamera ilikuwa inanionyesha kutoka kumbukumbu yake yenyewe, kabla haijanijua mimi ni mjinga kiasi gani.

Nikamsimulia na lile swali la betri, nikitegemea huruma. Akacheka mpaka akashika meza. "Kwa hiyo ukajibu Ndiyo?" Nikasema ndiyo, si nembo ilikuwapo? "Ndugu yangu, betri ya kampuni nyingine huandikwa jina la kampuni yake, ungejibu Hapana yakaisha. Kamera imeshaona betri haieleweki, inataka kujua tu kama imevaa jina la watu. Wewe ukaapa kwamba imevaa."

Nikabaki na picha 271. Nimezihesabu: viatu 46, viti 60 na ushei, ndimi za watoto sitaki kusema. Bibi harusi yumo katika picha moja, kisigino chake, anatoka chumbani.

Simu ikaita. Binamu.

"Kaka, nijibu jambo moja tu, ndiyo au hapana. Picha zangu zipo?"

Nikaangalia simu, nikatafuta pa kutokea.