Kilo 84 na bado napewa pole

Jumamosi nilienda Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, kununua dagaa. Kuna mama nanunua kwake mwaka wa saba huu, ananijua namjua, nikiwa sina hela ananikopesha. Nilikuwa sijaenda muda mrefu. Nimefika, nikamwamkia, akanitazama, akanitazama tena, akaweka kisado chake chini, akanishika mkono akanivuta mpaka nyuma ya magunia. Nikajua nadaiwa. Kumbe anataka kuninong'oneza. "Mwanangu, dozi unakunywa? Usiruke hata siku moja. Mdogo wangu naye alianza hivi hivi kupungua, saa hizi yuko fresh, analima."

Nilikosa la kujibu. Akanipimia dagaa, akaweka nyongeza mpaka mfuko ukagoma kufunga, na hela ya bodaboda akataka anipe. Kwa huruma. Mimi mwenye kilo 84.

Naomba tuelewane kwenye hiyo namba. Kilo 84, urefu wangu sentimita 160. Dokta mpaka leo kwenye faili ananiandika mnene, na siyo mnene kidogo. Ila mtaani kwetu Igoma nimeshazikwa, watu wananipa pole kwa sauti ya msibani kabisa, jirani mmoja aliniletea uji wa lishe kwenye chupa ya chai, nikanywa maana ulikuwa mtamu lakini roho iliniuma. Yote hiyo ni kwa sababu wanakumbuka nilivyokuwa na kilo 128.

Miezi 14 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, Dar, hospitali haiwahusu. Na kabla sijaendelea, kwa wale wanaosema nimekatwa utumbo: utumbo wangu upo wote, haujaguswa. Kilichokatwa ni mfuko wa chakula, wakatoa kama asilimia 80, kikabaki kimrija chembamba mfano wa ndizi. Utumbo ni huo mnaoongea.

Sasa kinachoniuma. Hivi mlikuwa wapi na hizo pole zenu nikiwa na kilo 128? Maana hapo ndipo nilipokuwa mgonjwa! Sukari asubuhi sijala kitu inasoma 17. Presha 170 kwa 110. Usiku nakabwa usingizini, mume wangu anaamka kunitikisa ili nivute pumzi, mwisho akawa halali na yeye, analala kwa zamu kama mlinzi. Dada yangu anaishi kule juu Mabatini, kwenye mawe, mnaijua ile njia, ngazi zenyewe siyo ngazi. Miaka miwili sikukanyaga kwake. Alikuwa anashuka na watoto tunaonana barabarani chini pale kama watu wanaouziana simu ya wizi.

Na muda wote huo nilikuwa nasikia nini? "Umenawiri!" "Ndoa imekukubali!" "Shemeji anajua kutunza!" Mama mkwe alikuja kutoka Sengerema, akanipiga kofi la mkono huku anacheka, akasema sasa nimekuwa mama. Mume wangu kazini kwake wanampongeza, unene wangu ndio ulikuwa cheti chake cha kuonyesha nyumbani kwetu tunakula. Kwenye harusi napewa kiti cha mbele. Wamama kanisani wananishika mashavu. Mtu pekee aliyewahi kulalamika kuhusu mwili wangu ni konda wa daladala, tena yeye shida yake ilikuwa siti, akaniambia lipia mbili. Siku ile nilimtukana. Leo nikikaa nikafikiria naona yule kijana ndiye pekee aliyesema nimezidi, hao wengine wote mlinipigia makofi nikielekea shimoni, na mngeendelea kunipigia mpaka siku ya kutafuta watu wanane wa kubeba jeneza.

Nilikuwa natoka kliniki ya kisukari na karatasi mkononi imeandikwa metformini, nafika kwenye shughuli, napakuliwa sahani mbili kwa sababu "mama mzima huyu". Ukisema mimi nimekatazwa unaonekana unaringa. Ukisema unataka kupungua, unaulizwa kwani mumeo ana mtu mwembamba nje?

Sawa, nitakubali kitu kimoja, kwa shingo upande. Hofu ya kukonda kwa watu wa ziwa huku haikutoka hewani. Ukimwi uliporipotiwa kwa mara ya kwanza nchini, 1983, ilikuwa Kagera, hapo jirani tu, na ng'ambo Uganda waliuita slim kwa sababu ya hiyo hiyo, mtu alikuwa anapungua mpaka anaisha. Watu wa rika la yule mama wa dagaa walizika kaka, dada, walimu wao, walibaki na watoto siyo wao. Macho yao yalifundishwa hivyo, nguo ikianza kumpwaya mtu wanaanza kuhesabu siku. Kwa hiyo yule mama sina kinyongo naye, tena alisema kitu cha maana, dozi isirukwe. Na hata ningekuwa nimekanyaga miwaya kweli, kwani ingekuwaje? Watu wapo na dozi zao miaka 20, wananenepa kuliko mimi.

Hasira zangu ziko kwa wale wanaojua kabisa nilifanya nini, na bado wanasema nimechukua njia ya mkato. Hiyo kauli niliisikia kwenye kitchen party ya mdogo wa wifi yangu, mtu kakaa mbele yangu, mkono mmoja soda, mkono mwingine kuku, ananiambia "wenzio tunapambana na mazoezi, wewe ukaenda kukatwa". Mazoezi gani dada yangu, nakufahamu, wewe kutoka Pasiansi kwenda sokoni unapanda bajaji.

Ngoja niwaambie huo mkato ulivyokuwa. Wiki mbili kabla unakula vitu vya maji maji ili ini lipungue, maana ini la mtu mnene linakuwa kubwa linaziba njia. Halafu wanakutoboa matundu matano, wanakujaza gesi ili kamera ione vizuri. Nimeamka nadhani kidonda ndicho kitakachoniuma, kumbe bega! Bega la kushoto linauma kama nimebeba gunia usiku kucha. Nesi akaniambia ni gesi hiyo mama, amka utembee. Saa ngapi? Leo leo. Nikatembea ile korido na dripu yangu, nimeshika tumbo, gauni la hospitali linafunguka nyuma, sijali.

Kesho yake akaja na kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa. Maji, mililita 30. Akasema usimalize kabla ya dakika 15. Nikacheka. Mimi ninayekunywa chupa nzima nimesimama? Nikapiga funda moja dogo, likateremka mpaka hapa kifuani, likasimama. Nalisikia kabisa limesimama, kama mtu anabisha hodi na mwenye nyumba anamchungulia kwanza. Nilikaa na kile kikombe robo saa nzima nakitazama, machozi yanatoka, siyo ya maumivu, sijui ya nini. Pale ndipo nilipohitaji pole. Nilikuwa sijamwambia mtu zaidi ya mume wangu na dada, nikijua mtasema nini, na mkasema.

Siku ya kwanza kula samaki ilikuwa wiki ya sita. Dada akanitolea minofu ya sato, akaiponda na mchuzi, vijiko viwili vya chai. Cha tatu nilijipa mwenyewe kwa uroho. Dakika mbili nyingi, mate yakaanza kujaa, kifua kikabana, nikakimbilia uani nikatema povu jeupe kama sabuni, mbwa wa jirani ananiangalia. Kijiko kimoja tu! Na maji huruhusiwi kushushia, unasubiri nusu saa. Mtu wa Mwanza unakula samaki bila kushushia na kitu na ugali wake tonge la ukubwa wa jicho la mbuzi, halafu mtu anakuja anasema rahisi.

Mengine haraka haraka. Ndiyo, tuliuza kiwanja cha Buhongwa, bima ilikataa kata kata, kiwanja kilikuwa chetu. Wanaosema Mungu aliniumba na tumbo zima, aliwaumba na meno yote pia, mbona mnang'oa. Wauza chai za kupunguza mwili pale Makoroboi, nimekunywa zenu miaka minne, nilichopungukiwa ni hela. Wanaouliza kama ni lile puto la kuwekwa tumboni, siyo puto, puto linawekwa na kutolewa, changu hakirudi.

Na sitawadanganya kwamba ni sherehe. Mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zilianza kutoka, nikipitisha chanuo naona kiota. Ngozi ya mikono inaning'inia, nikipunga mkono inachelewa kusimama. Vitamini, kalsiamu, madini ya chuma na B12 ni maisha yote, diklofenaki ya maumivu nimekatazwa, kuna siku nikiinama kufua kiungulia kinapanda mpaka masikioni. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nayo nimeikumbuka sana jamani, ile natafuna mchana mzima bila kujijua, sasa hivi vipande viwili kwisha habari. Dokta alinionya kilo zinaweza kurudi kwa mtu asiyejichunga, tumbo dogo halizuii soda wala biskuti. Kile kipande kilichotolewa ndicho kinachotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini wanaiita, ndiyo maana miezi ya mwanzo hata njaa nilikuwa siisikii, ila sasa hivi kuna jioni naisikia inapiga hodi kwa mbali. Naiogopa.

Ila metformini nimeachishwa. Sukari juzi asubuhi 5.4. Mume wangu analala, tena anakoroma yeye. Na mwezi uliopita nilipanda Mabatini kwa miguu yangu, nilipumzika mara mbili tu, dada alinikuta nimekaa kwenye jiwe mlangoni kwake naangalia ziwa akadhani nimekuja na habari ya msiba.

Jana nimerudi Mwaloni. Hela ya bodaboda nilikuwa nimeikataa, ila ule uongo wa kunyamaza ulinisumbua. Nikamweleza yule mama yote, tumekaa kwenye ndoo zilizofunikwa, nzi wanatuzunguka, nikamwonyesha na makovu kidogo nimefunua blauzi. Alisikiliza vizuri sana, hakuniingilia hata mara moja. Nilipomaliza akakaa kimya, halafu akauliza:

"Sasa hicho kipande walikipeleka wapi?"

Mimi sijui. Miezi 14, na sijawahi kumuuliza dokta.

Akatikisa kichwa, akachukua kisado akanipimia, akafikiria kidogo, akarudisha nusu kwenye turubai. "Hizi zote utamaliza lini wewe." Bei akaikata nusu. Nyongeza akaweka ile ile.