Nilimpiga Picha Shangazi, Akatoka Baba Mdogo

Kuna lenzi za kupigia watu picha halafu kuna hii ya kwangu. Ni Canon ya zamani, 50mm f/0.95 (hiyo namba ya f ikiwa ndogo, mdomo wa lenzi ndio unakuwa mkubwa na mwanga unaingia mwingi), ilitoka 1961 pamoja na kamera ya Canon 7, na wapenzi wake wanaiita lenzi ya ndoto. Ndani ina vioo saba, uzito unapita nusu kilo, ukiifunga kwenye kamera na kuiweka mezani kamera inainama mbele yenyewe, inataka kulala kifudifudi. Zamani zile filamu zilikuwa hazioni vizuri gizani, kwa hiyo Wajapani wakawa wanashindana nani atatoa lenzi yenye mdomo mkubwa kuliko mwenzake. Kampuni ya Zunow wakaja na f/1.1 mwaka 1953, Nikon nao wakatoa f/1.1 yao 1956, afu Canon wakatua na 0.95 watu wakanyamaza. Hata Leica wa Ujerumani na sifa zao zote, lenzi yao ya kwanza ya Noctilux waliitoa 1966 na ilikuwa f/1.2 tu. Canon wakatangaza kwamba lenzi yao inapokea mwanga mara nne ya jicho la binadamu. Hilo la jicho mlishike, tutafika.

Sasa Shangazi amestaafu na anataka picha. Na sio picha ya simu, alishasema hizo za simu zinamfanya aonekane amepakwa unga. Akaniita akaniambia, "Mwanangu, nataka picha moja tu, kubwa, ya ukutani. Mtu akifungua mlango kitu cha kwanza kuona kiwe mimi."

Nikamwambia Shangazi usiwe na shaka, hiyo kazi niachie.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika kamera za renjifainda kama hii yangu niwaeleze kidogo, maana bila hivyo mtadhani mimi ndio mwenye matatizo. Kwenye kamera hizi huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kupitia kadirisha kadogo huku juu kushoto, na katikati yake kuna kiraka cha mwanga ambacho kitu kimoja unakiona mara mbili. Unazungusha lenzi taratibu, zile picha mbili zinasogeleana, zikipandana tu basi fokasi imekaa, yaani kitu hicho kitatoka safi, unabonyeza. Ni raha sana. Lakini kadirishani kila kitu kinaonekana safi muda wote, sura safi, ukuta safi, hata lenzi ikiwa na kifuniko wewe unaona dunia safi tu, kwa hiyo kile kitakachotoka na ukungu hukijui mpaka filamu ioshwe.

Afu hii lenzi ni nene. Ukichungulia kadirishani unaiona yenyewe imejaa kwenye kona ya chini kulia, imeziba, chochote kilichokaa pale hukioni. Lenzi inakiona vizuri sana. Wewe ndio hukioni.

Na jambo la mwisho: ukiufungua mdomo wake wote ukasimama mita moja na kitu kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka safi ina unene wa sentimita tatu hivi. Ukilipata jicho, ncha ya pua imeshaaga. Sikio usiliulize kabisa, lile liko mkoa mwingine.

Basi siku ya siku nikamuweka Shangazi sebuleni karibu na dirisha, mwanga mzuri unaingia kwa pembeni, ukuta wa nyuma uko mbali, yaani mazingira ya lenzi hii kabisa. Akatoka chumbani amevaa gauni la mistari ya kusimama, mweusi mweupe mweusi mweupe, kuanzia shingoni mpaka chini. Nikaona sawa, limemkaa.

Tatizo la Shangazi hajui kuongea na mdomo peke yake. Akiongea anaongea na mabega, na shingo, anakuja mbele anarudi nyuma, na sentimita zangu ni tatu. Nikamwomba, "Shangazi, tafadhali tulia kidogo tu."

"Nimetulia."

"Unaongea, Shangazi."

"Sasa niongee nikiwa nimekufa? Kupumua kunaruhusiwa au nako kunaharibu?"

Kusema kweli nako kunaharibu, ila hilo huwezi kumwambia shangazi yako. Nikajaribu kushika fokasi kwenye jicho lakini miwani yake inawaka mwanga wa dirisha, kwenye kiraka naona madirisha mawili yanatembea, jicho silioni. Akavua miwani. Bila miwani akawa haoni kamera iko wapi, anaitabasamia kabati. Akaivaa tena.

Ndio nikaona ile mistari. Yeyote anayetumia renjifainda atakwambia hizi mashine zinapenda mistari ya kusimama, unaona wazi kabisa mstari wa kwanza unausogelea wa pili, unaingia juu yake, tii, umekaa. Nikashika kifuani mbele ya shingo, kadirio langu pale na macho ni usawa mmoja, nikapandisha kamera usoni kwake, nikabonyeza. Shata 1/500 ya sekunde, mwanga wa kutosha, mkono haujatikisika. Nikapiga tena na tena, kila nikibonyeza ananiuliza, "Umeniona?" na mimi "Nimekuona Shangazi," mpaka mkanda wote wa picha 36 ukaisha. Nikatoka pale natembea kifua mbele.

Filamu nikaipeleka kwa jamaa anayeosha. Akanipigia baadaye, sauti yake ina kicheko amekikalia. Akasema, "Kaka, picha zako tayari. Huyu mzee ni nani? Amelala vizuri sana."

Mzee gani?

Nikazifuata. Zile za mwanzo za kupigia jicho zilikuwa vile nilivyotegemea kwa mtu anayepumua: moja sikio la Shangazi liko safi mpaka tundu la hereni unaliona, nyingine fremu ya miwani imekaa na nyuma ya miwani hakuna mtu, nyingine unywele mmoja uliochomoka, huo unywele ungeweza kuuandalia maonyesho. Lakini zile za mistari, ndugu zangu. Katikati ya picha kuna wingu la kijivu lenye umbo la Shangazi, mistari yote imeyeyuka imekuwa rangi moja, sura iko laini, ukijua ni yeye utamuona. Na nyuma yake, kona ya chini kulia, kwenye kochi, yuko Baba Mdogo.

Baba Mdogo amelala mdomo wazi. Kila unywele wa ndevu unahesabika. Rimoti iko juu ya tumbo, namba za kwenye rimoti zinasomeka. Soksi moja imetoboka, kidole gumba kimetoka nje kinaangalia kamera. Sijawahi kupata fokasi ya namna ile maishani mwangu, sio kwa lenzi hii wala nyingine yoyote, na kila picha ya lile fungu iko vilevile, mzee anaendelea tu na usingizi wake, kwenye moja amegeuza shingo.

Aliingia saa ngapi? Anasema aliingia nikiwa naweka filamu, akaniona niko bize akaona asinisumbue, akajikalia. Na akaenda kujikalia pale pale ambapo lenzi inaziba. Canon hawakudanganya, ile kitu inaona mara nne ya jicho la binadamu, mimi wa mara moja nikapitwa.

Kuhusu fokasi kwenda kwake sio bahati mbaya na sio mkono wangu, ni lile gauni. Mistari ikifanana yote na ikiwa imepangwa sawasawa, kiraka hakijui mstari upi ni upi. Unaweza kupandanisha mstari wa tatu na wa nne badala ya wa tatu na wa tatu, ukaona pamekaa safi kabisa, kumbe umeruka mmoja na lenzi imeshahamia mita nzima au zaidi huko nyuma. Kuruka mstari mmoja wa gauni lile ilikuwa ni kutoka kwa Shangazi mpaka kwenye kochi. Yaani fundi aliyelishona angepewa rula asingeweza kupatia vile.

Nikaenda kuwaonyesha, maana kukwepa siwezi, wote walikuwa wananisubiri. Shangazi akaishika picha, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akafuta miwani, akaangalia tena.

"Mimi niko wapi?"

"Hapo katikati Shangazi."

"Hapa kuna moshi."

Nikamweleza habari ya mistari, kiraka, mmoja ukapanda juu ya mwingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo gauni langu ndio limepiga picha." Nikanyamaza, kwa sababu ukiangalia kitaalamu ni kweli.

Baba Mdogo akaichukua, akakaa nayo muda mrefu. "Mimi naona imetoka vizuri," akasema. "Dada, unajua mimi sina picha nzuri hata moja? Zote nimekodoa macho. Hii nimetulia." Akanigeukia, "Mwanangu, hii naomba ikuzwe."

Shangazi akasema ikikuzwa hiyo yeye anahama nyumba.

Tukakubaliana turudie. Safari hii gauni la rangi moja, Baba Mdogo katolewa nje na mlango umefungwa, mdomo wa lenzi nimeubana mpaka f/8 ambapo sehemu inayotoka safi inakuwa nene ya kutosha, mtu anaweza kupumua, anaweza hata kupiga chafya. Kuna watu watasema kununua lenzi ya f/0.95 ukaipigia f/8 ni dhambi, nawaelewa, ila wao hawana shangazi huyu. Mwanga ukawa hautoshi tena, nikaweka kamera kwenye stendi, nikashika fokasi kwenye mkufu wake, nikapiga.

Zikatoka kali. Zote. Kope, vinyweleo, kila mkunjo na mahali ulipoanzia na unapoelekea. Nikampa nikiwa najipongeza moyoni. Shangazi akaiangalia kimya mpaka nikaanza kuogopa.

"Huyu nani?"

"Ni wewe Shangazi."

"Huyu ni marehemu mama." Akaigeuza uso chini juu ya meza. Akakaa kidogo, afu akaniuliza kwa sauti ya pole pole ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ile ya moshi, bado unayo?"

Nikampa ile ya moshi. Akaipeleka dirishani, na kusema haki, ukiacha ya kwenye kochi, ile picha ilikuwa tamu. Hiyo ndio watu wanaitafutia lenzi hii, ukiwa nje ya zile sentimita zako kila kitu kinalainika, sura inang'aa ng'aa pembeni, mikunjo inakwenda inakojua yenyewe. Shangazi alikuwa amepungua miaka kama ishirini. Akasema, "Hii ndio mimi. Hii ikuze. Ila huyu mkate."

"Nani akatwe?" Baba Mdogo akauliza kutoka nje, mlango bado umefungwa.

Ikawa kesi. Tukajaribu kupima kwa kipande cha karatasi, tukagundua bega la Shangazi limeingia mbele ya goti la Baba Mdogo, ukimtoa mzee Shangazi anabaki na bega moja, ukimtoa Shangazi mzee anabaki hana mguu, na ndio mguu wenye kile kidole anachokipenda. Baba Mdogo akasema yeye ndio peke yake anayeonekana kwenye hiyo picha kwa hiyo kwa haki ni picha yake, Shangazi akasema picha iliagizwa na nani, wakanigeukia wote wawili.

Ikakuzwa nzima, iko ukutani sasa hivi. Ukifungua mlango kitu cha kwanza unachoona ni mdomo wa Baba Mdogo. Shangazi akatafuta chombo kirefu cha maua akakiweka juu ya kabati chini ya picha, kinaziba ile kona kabisa, kochi halionekani wala mzee. Baba Mdogo akipita anakisogeza kwa kiganja kushoto. Shangazi akipita anakirudisha kwa nyonga, hata hasimami. Jana wageni walikuwepo kikasogezwa na kurudishwa mbele yao mpaka mgeni mmoja akauliza kama hilo ua linahitaji jua. Wakaniambia mimi ndio mpiga picha, niseme kikae wapi. Nikawaambia ngojeni nikanunue filamu nakuja.