Kichekesho kibandani, mapenzi ukumbini

Sisi watu wa Kigoma tulioko Uingereza tuna tabia ya kusifu kumbi za sinema za huku kana kwamba kiti laini ndicho kinachochekesha. Mimi nasema hivi: kwa vichekesho, kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, cha Mwanga au Ujiji kinaushinda ukumbi wowote wa Birmingham. Kwa filamu za mapenzi nafunga mdomo. Huko wametuzidi, na sababu si pesa peke yake.

Kicheko kina shida ya kiufundi: kinafunika neno linalofuata. Mhariri mzuri analijua hilo, kwa hiyo baada ya utani anaacha upenyo. Mwigizaji anageuka, anakunywa chai, mlango unafungwa, watu wanamaliza kucheka. Lakini anakisia tu. Watu wakicheka kupita alivyokisia, mstari unaofuata umekwenda, na ukumbini hakuna wa kumwambia arudishe. Kibandani yupo. Amekaa mlangoni, mkono mmoja unapokea kiingilio, mwingine umeshika rimoti. "Rudisha! Rudisha!" Naye anarudisha sekunde kumi, hata mara tatu, kama namna mtu alivyodondoka kwenye tope inastahili heshima hiyo.

Halafu kuna mtafsiri, anayesema Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Lufufu na wenzake hawakufuata neno kwa neno. Utani wa Kimarekani unaotegemea sheria za besiboli haumfikii mvuvi wa Kibirizi. Mtafsiri anautupa na kuweka wake, kwa mdundo ule ule. Maandishi ya chini ya picha hayana uhuru huo. Yana mistari miwili, herufi kama 40 kwa mstari, na yakikaa zaidi ya sekunde 6 au 7 mtu anaanza kuyasoma upya. Kosa kubwa la waandikaji wake ni kuweka swali na jibu la utani pamoja. Jicho linafika kwenye jibu kabla mwigizaji hajafungua mdomo, kicheko kimekufa. Dawa ni kuyakata mawili, jibu litokee pamoja na sauti yake. (Asiyeamini kwamba kichekesho ni mwili kabla ya maneno azime sauti kabisa amtazame marehemu King Majuto.)

Mapenzi ni habari nyingine. Mtafsiri yule yule aliyeokoa kichekesho analiua penzi, maana ana koo moja. Msichana analia kwamba haondoki, na inayomtoka ni besi ya baba mzima. Kijana anajibu kwa besi ile ile. Tena ili mtafsiri asikike, sauti ya filamu imeshushwa, na muziki umeshuka nayo. Filamu ya mapenzi ina dakika nzima ambazo hakuna anayesema kitu: wawili wanatazamana, pumzi inasikika, kinanda kiko mbali. Kibandani kimya hicho kinajazwa. Huyu mluzi, yule "mshike huyo!", jenereta nyuma ya ukuta. Mwenye rimoti naye akiona watoto wamejaa mbele, anarusha tukio la busu. Picha ikirudi wameshagombana, hujui nani kamkosea nani.

Huku mtoto anazuiwa mlangoni. Filamu ya daraja la 15 haingii mwenye miaka 14, hata akija na mama yake. Aliyemo ndani anaachiwa filamu nzima.

Bongo movie za mapenzi zinaangushwa na sauti kuliko uigizaji. Maikrofoni ya kwenye kamera iko mita tatu kutoka mdomoni, feni iko mita moja. Kisha muziki unamwagwa juu ya mazungumzo ili kuficha feni. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola ingemaliza kesi. Na ile desturi ya zama za DVD, ya kukata hadithi moja iwe sehemu ya 1 na ya 2 ili ziuzwe mbili, imeacha mazoea mabaya: gari linaingia getini, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, ndipo aseme "tuachane."

Ila kwenye kiini cha penzi lenyewe watunzi wa huku nao wana upofu wao. Wawili wanagongana dukani, wanapendana, robo ya mwisho uongo unafichuka, mmoja anakimbilia uwanja wa ndege. Mtazamaji wa Ujiji anauliza: wazazi wanajua? Posa kapeleka nani? Kwetu kikwazo cha penzi kimeketi sebuleni kinakunywa soda, kinaitwa shangazi, na hakikimbiwi kwa teksi. Ndiyo maana tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zinashika sana nyumbani: mama mkwe yumo tangu mwanzo, na kila mhusika ana sauti yake.

Wenye kubeba filamu kwenye flashi wakienda likizo wajue kwamba deki na televisheni nyingi za zamani zinasoma flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 tu, na humo faili moja haivuki GB 4. Faili la maandishi ya chini ya picha lipewe jina lile lile la filamu. Maandishi yakianza sawa kisha yakazidi kuchelewa, kasi hazikulingana: filamu ya picha 24 kwa sekunde ikichezwa kwa 25, dakika 100 zinakuwa 96. Kusogeza sekunde mbili tatu kwa rimoti hakusaidii, maana pengo linaongezeka kila dakika. Muda wote wa maandishi unyooshwe kwa programu ya kompyuta kabla ya safari. Kichekesho cha kuangukaanguka kinaweza kustahimili. Filamu ya mapenzi haistahimili: kijana amepiga goti anaomba ndoa, na chini maandishi bado yanaagiza chipsi.