Denmark: dereva wa pizza kapewa mkataba, mkimbizi kapewa mafao pungufu, na mara nyingi ni mtu yule yule

Ukitaja Denmark kwenye mjadala wa wahamiaji watu wanakumbuka vito tu, ile sheria ya Januari 2016 inayoruhusu kumpekua mkimbizi na kumchukulia mali inayozidi kroner 10,000 (kroner ndo hela yao). Ile ilikuwa kelele za kutishia watu wasije. Mabadiliko yenyewe yalifanyika kwenye mafao na pensheni, kimya kimya, kwenye vipengele ambavyo hakuna mwandishi wa habari anavisoma mpaka mwisho.

Kwanza tuelewe sistimu yenyewe. Makubaliano makubwa ya ustawi wa jamii kule yalifikiwa Januari 1933 nyumbani kwa waziri mkuu Thorvald Stauning, siku ile ile Hitler anaapishwa kuwa kansela huko jirani Ujerumani. Kabla ya hapo, 1899, waajiri na vyama vya wafanyakazi walishaelewana nani ana haki gani kazini. Ndo maana mpaka leo Denmark haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali, mishahara inapangwa na vyama na waajiri mezani. Bosi anaweza kukufukuza kirahisi tu, ila ukiwa mwanachama wa mfuko wa kukosa ajira (unajiunga mwenyewe na unachangia kila mwezi) unalipwa mpaka asilimia 90 ya mshahara wako, kuna kikomo lakini, kama kroner elfu 20 na ushee kwa mwezi, kwa miaka 2. Zamani ilikuwa 4, wakaikata 2010.

Sasa hiyo sistimu ilimlenga mtu mmoja hivi: kazaliwa pale, kaanza kazi kijana, kajiunga na chama, kalipa kodi nzito mpaka kastaafu. Wako wawili wasioingia kwenye huo mchoro. Kuna deiwaka wa kwenye app, anayesafisha nyumba za watu au kupeleka chakula kwa baiskeli, leo ana kazi kesho hana na hajulikani bosi wake ni nani. Halafu kuna aliyetua pale ana miaka 35 au 40, nusu ya maisha yake ya kazi ameshaimaliza kwingine.

Kwa huyu wa kwanza walikaa mezani. 2018 chama kikubwa cha wafanyakazi kinaitwa 3F kikasaini mkataba na Hilfr, app ya usafi wa majumbani: ukishafanya masaa 100 unahesabiwa mwajiriwa, unapata pensheni, hela ya likizo na malipo ukiumwa, labda mwenyewe ukatae. Mwaka huo huo wakabadilisha sheria ya mfuko wa kukosa ajira ili mtu mwenye vikazi vitatu vinne tofauti aweze kuvijumlisha. 2021 Just Eat, app ya kupeleka chakula, nao wakaingia kwenye mkataba wa pamoja. Haikuwa mteremko, mamlaka ya ushindani iliwabana Hilfr kwamba kupanga bei ya chini kwa wasio waajiriwa ni sawa na wafanyabiashara kula njama ya bei, na app nyingine hazijasaini kitu mpaka leo. Ila mwelekeo unauona, aliye nje ya mchoro wanamvutia ndani.

Kwa wa pili walienda kinyume kabisa. 2002 walianzisha starthjælp, msaada wa kuanzia, mkimbizi mpya anapewa karibu asilimia 40 pungufu ya alichokuwa anapata mwenzake aliyetangulia. Ikafutwa 2012, ikarudishwa 2015 kwa jina jingine, jina likabadilika tena, ila wazo ni lile lile, hujakaa miaka ya kutosha na hujafanya kazi ya kutosha basi unapata kidogo. Kuanzia 2025 wameongeza kwamba wasiotimiza hayo masharti wanatakiwa wawe na shughuli mpaka masaa 37 kwa wiki ndo walipwe.

Nisiwaonee, hoja yao ina uzito. Mette Frederiksen aliyeingia madarakani 2019 kama waziri mkuu sio mtu wa mrengo wa kulia, anatoka chama kile kile cha Stauning. Wanachosema ni kwamba ustawi wa namna hii unabebwa na kodi, na mtu anakubali kukatwa kodi kubwa akiamini kila mwenye nguvu anachangia, akianza kuona kuna kundi linachota tu atachoka, na wa kwanza kuumia wakishachoka ni maskini wa pale pale. Wizara yao ya fedha ilitoa hesabu kwamba mwaka 2018 wahamiaji na watoto wa wahamiaji kutoka nchi zisizo za Magharibi waligharimu hazina kroner bilioni 31, baada ya kutoa kodi walizolipa wenyewe. Unaweza kubisha namna walivyogawa watu makundi (mimi nabisha, mtoto aliyezaliwa Odense, mji wa Denmark kule kule, unamhesabuje na wa Syria) lakini huwezi kusema hakuna tatizo la ajira pale. Maombi ya ukimbizi nayo yametoka zaidi ya elfu 21 mwaka 2015 yakashuka mpaka kama 1,500 mwaka 2020, japo sehemu ya huko kushuka ni mipaka ya Ulaya kubanwa na korona, sio mafao.

Shida ni kwamba ile starthjælp ilishapimwa. Mchumi Christian Dustmann wa University College London na wenzake wa Denmark walifuatilia wakimbizi wa kabla na wa baada ya ile sheria. Ajira ilipanda kweli, ila mwanzoni, halafu ile tofauti ikawa inayeyuka mwaka hadi mwaka. Wanawake wengi walitoka kabisa kwenye soko la ajira. Wizi mdogo mdogo ukapanda, hasa wanawake wanaiba vitu supamaketi. Watoto wakaishia na miaka michache zaidi shuleni. Kwa hiyo uliokoa hela ya mafao leo, ukaja kuilipa polisi na kwenye kizazi kinachofuata. Na hao watafiti sio wanaharakati, ni wachumi na data za serikali yenyewe.

Pensheni ndo pananiuma zaidi, na sisi Watanzania tuliogombana na kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, tutaelewa haraka. Zamani kupata pensheni kamili ya taifa ulitakiwa uwe umeishi Denmark miaka 40 kati ya umri wa miaka 15 na umri wa kustaafu. Kwa wanaostaafu kuanzia katikati ya 2025 ni tisa ya kumi ya miaka yote kuanzia ukiwa na 15 mpaka umri wa kustaafu, ambao sasa ni 67. Piga hesabu: hiyo ni kama miaka 47. Mama aliyefika na miaka 40, akasafisha maofisi miaka 27 bila kukosa, bila kuomba msaada, atapata zaidi kidogo ya nusu. Umri wenyewe nao unasogea, Mei 2025 bunge limepitisha 70 ifikapo 2040. Kuna mlango wa kustaafu mapema kwa waliochoka, unajulikana kwa jina la Arne, mfanyakazi wa kiwanda cha bia aliyewekwa kwenye kampeni ya 2019, ila unahitaji miaka 42 mpaka 44 kwenye soko la ajira ukifika 61. Huyo mama ataitoa wapi? Hata angefanya kazi usiku na mchana kalenda inamkatalia.

Hapo ndo hoja ya "uchangie kwanza" inaponichanganya. Ikiwa kipimo ni kazi, pima kazi. Ukipima miaka ya kuishi pale tangu una 15 umeshaacha kupima mchango, unapima mtu alizaliwa wapi.

Halafu angalia Waukraine. 2022 walitungiwa sheria yao maalum, wakaruhusiwa kazi haraka, sheria ya vito haikuwagusa, na ndani ya miaka miwili zaidi ya nusu ya wenye umri wa kufanya kazi walikuwa wameshaajiriwa. Mtu wa upande wa serikali atakwambia na wao walipewa mafao madogo, kwa hiyo yanafanya kazi. Sawa, ila walipewa pia ruhusa ya kazi mapema badala ya kungoja kambini miezi na miezi, wengi walikuwa na elimu nzuri, na waajiri mwaka ule walikuwa wanatafuta watu kwa tochi. Mafao madogo Wasyria nao waliyapata.

Kwetu hii sio hadithi ya mbali. Denmark ilisimamisha kupokea wakimbizi wa mgao wa Umoja wa Mataifa 2016, ilipoanza tena baada ya 2019 ilichukua Wakongo waliokuwa kambini Rwanda, wakiwemo wanaoongea Kiswahili hiki hiki. Na 2021 waziri wao wa uhamiaji Mattias Tesfaye, ambaye baba yake mwenyewe alikimbia kutoka Ethiopia, akaenda Kigali kusaini makubaliano yaliyofungua mazungumzo ya kuwapeleka huko waomba hifadhi. Mazungumzo yakasimamishwa 2023.

Kwa hiyo mimi simo kwa wanaosema fungueni tu milango hela itajipata, hesabu haziendi hivyo. Ila tiba ile wanayo ndani ya nyumba: kufanya vikazi vihesabike. Yule Mkongo akitoka darasani kwenye Kidenishi saa nane anapanda baiskeli kupeleka pizza, na kwenye karatasi moja ni mfanyakazi anayestahili kulindwa, kwenye nyingine ni mzigo. Umoja wa Ulaya umeshapitisha kanuni za kazi za app 2024, nchi zina mpaka Desemba 2026 kuziingiza kwenye sheria zao. Kama Copenhagen watazitumia kuhesabu masaa yake yote, na yale masaa yakahesabika hata kwenye mafao na pensheni yake, nitaanza kuamini kwamba walichokuwa wanataka muda wote huu ni watu wachangie.