Mgeni Wako Mpeleke Harpers Ferry

Sisi tunaoishi Maryland na Virginia wageni wetu kutoka nyumbani tunawazungusha kulekule: Ikulu, picha mbele ya Bunge, kisha madukani hadi begi ligome kufungika. Sina ugomvi na maduka. Ila mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka Washington kuna Harpers Ferry, West Virginia, mji wenye wakazi wasiofika 300, na kwa maoni yangu unamweleza mgeni Marekani kuliko masanamu ya mji mkuu.

Mji uko pale Mto Shenandoah unapoingia Potomac. Oktoba 1859, John Brown, Mzungu aliyeuchukia utumwa hadi kushika silaha, alivamia ghala la silaha za serikali hapa, akitaka watumwa wapate silaha na kuasi. Kikosi chake kilikuwa na watu 21, watano kati yao Weusi. Walizingirwa kwenye kibanda cha zimamoto, Brown akakamatwa, na Desemba 2 akanyongwa. Kibanda hicho kimehamishwa mara nne. Hata Chicago kilifika, kwa maonyesho ya 1893. Kiwanja chake cha asili kimefukiwa na tuta la reli.

Lakini kilichonishika ni jiwe moja ambalo watalii wengi hulipita wakilamba aiskrimu. Mtu wa kwanza kuuawa na kikosi cha Brown alikuwa Heyward Shepherd, Mweusi huru, mbeba mizigo wa stesheni. Mwaka 1931 vyama vya wazao wa wapiganaji wa Kusini, upande uliotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilimwekea mnara, vikimfanya kielelezo cha Mweusi mwaminifu asiyetaka kuasi. Marehemu hakuulizwa. Mwaka uliofuata W.E.B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi na mtetezi wa haki za Weusi, akaandika maneno ya kumuenzi Brown, yachongwe kwenye bamba. Chuo cha Storer, kilichosomesha Weusi hapohapo mlimani, kikalikataa. Mnara wenyewe ulikuja kufunikwa mbao kwa miaka kadhaa, ukafunuliwa 1995, na sasa kando yake kuna kibao chenye maneno ya Du Bois.

Wapo wanaotaka ung'olewe. Mimi nasema ubaki, mradi kibao kisiondoke. Uongo ukifichwa stoo, mjukuu atajuaje kwamba uliwahi kuchongwa kwa heshima zote, tena karne ya 20?

Na usiishie bondeni kwenye maduka. Panda hadi Storer. Chuo kilifungwa 1955, ila Agosti 1906 Du Bois na wenzake wa vuguvugu la Niagara, lililodai haki sawa kwa Weusi, walikutana hapo, wakaenda kukizuru kibanda cha Brown, wakati huo kikiwa shambani, wakavua viatu kama waingiao msikitini. Wageni wengi hawafiki huku juu, na sishangai: kilima ni kikali. Mama akija na wewe, mwambie avae raba, na mtoke nyumbani mapema, maana wikendi maegesho hujaa.