Kampuni Kubwa Huokolewa Jumapili

Mi kuna kitu nimekigundua na sijui kwanini watu hawakisemi, kampuni kubwa ikianguka huwa inaokolewa Jumapili. Jumapili jamani! Siku ambayo mi nikipiga simu benki kuuliza kwanini wamenikata hela mara mbili, sauti ya mashine inaniambia ofisi zimefungwa tafadhali piga tena siku ya kazi, alafu inaniwekea muziki. Bear Stearns, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilipokuwa inazama, dili la kuiuza kwa benki nyingine ya JPMorgan likatangazwa Jumapili, Machi 16 mwaka 2008, huku benki kuu ya Marekani ikisimama nyuma na mabilioni yake. Fannie Mae na Freddie Mac, wale wa mikopo ya nyumba, serikali ikawabeba Jumapili ya Septemba 7 mwaka huohuo. Nikadhani labda ni ushamba wa zamani wameacha, wapi, 2023 Silicon Valley Bank imedondoka Ijumaa, Jumapili ya Machi 12 wateja wakaambiwa kesho mje mchukue hela zenu zote, na wakati bima ya kisheria ya hela za wateja benki ikianguka ilikuwa inaishia dola 250,000 kwa mteja. Zote! (Wenye hisa za benki ile waliliwa, hilo lazima niseme, nisije nikaonekana mnafiki.) Jumapili iliyofuata, benki ya Credit Suisse kule Uswisi nayo ikakabidhiwa kwa benki mwenzake UBS kabla watu hawajala chakula cha usiku.

Wanasema sababu ni masoko ya hisa ya Asia, yanafunguliwa mapema Jumatatu wakati huku kwingine bado ni Jumapili, kwahiyo lazima kila kitu kiwe kimeshasainiwa kabla wale hawajaamka wakaanza kuuza. Sawa, nimeelewa. Na mimi mwenye nyumba wangu huwa anaamka mapema sana Jumatatu lakini sijawahi kuona waziri yeyote anakesha kwa ajili hiyo.

Tatizo langu lakini sio siku, tatizo langu ni makaratasi. Nyie mmewahi kuomba mkopo benki? Mkopo wa kawaida tu wa mtu wa kawaida? Unapewa fomu utadhani unaomba uraia wa nchi mpya, jina la baba, jina la babu, unaishi wapi, kabla ya hapo uliishi wapi, na kwanini ulihama. Slipu za mshahara, picha za pasipoti, na picha yenyewe inarudishwa kwa sababu umecheka. Hati ya kiwanja. Wadhamini, na mdhamini naye aje na slipu zake na picha zake, na yeye asicheke. Ukimaliza yote hayo yule dada wa dirishani anaangalia kompyuta anavuta pumzi anakwambia sistimu iko chini.

Sasa nisikilizeni. Septemba 2008 waziri wa fedha wa Marekani, Henry Paulson, kaenda kuomba dola bilioni 700 za kununua madeni mabovu ya mabenki. Bilioni mia saba. Ombi lake lilikuwa na kurasa 3. TATU! Fomu yangu mi sehemu ya "kwa matumizi ya ofisi tu" peke yake inazidi hapo. Na ndani ya hizo kurasa 3 kulikuwa na kifungu kinasema maamuzi ya waziri hayatahojiwa na mahakama yoyote wala ofisi yoyote, yaani nipeni hela na msiniulize. Alafu hiyo bilioni 700 imetoka wapi, nani kapiga hesabu? Jarida la Forbes likauliza, msemaji wa wizara akajibu kwamba haikutokana na takwimu yoyote maalumu, walitaka tu namba iwe kubwa sana. Aisee. Hebu na wewe kesho nenda kaandike kwenye fomu, kiasi unachoomba: kikubwa sana.

Mi siongezi chumvi, na bunge lao lenyewe mwanzoni liligoma, Septemba 29 wakapiga kura ya hapana, siku hiyohiyo soko la hisa la New York likaporomoka pointi 777, wakatetemeka, Oktoba 3 wakapitisha. Siku kumi baadaye, yaani Oktoba 13 (hii ilikuwa Jumatatu lakini kwao ilikuwa sikukuu, naona siku za kazi wana mzio nazo), Paulson akawaita mabosi wa mabenki 9 makubwa kwenye chumba kimoja, kila mmoja akawekewa karatasi moja mbele yake. Karatasi moja. Ina mstari wa jina la benki na mstari wa kiasi, na bosi anajaza kwa mkono. Mwingine bilioni 10, mwingine bilioni 25, jumla bilioni 125, wameinuka wameondoka. Na wengine eti walikuwa hawazitaki hizo hela, ikabidi wabembelezwe na kutishwa kidogo. Nikifika hapo huwa naacha kusoma natoka nje kupunga upepo.

Ila wa magari ndo walinimaliza. Novemba 2008 mabosi wa General Motors, Ford na Chrysler wameenda Washington kuomba bilioni 25, wanasema hali mbaya, tunakufa, wafanyakazi watapotea, na kila mmoja kaja na ndege yake ya kampuni. Ni sawa na shemeji aje kukuomba nauli na teksi aliyokuja nayo anaiacha nje inamsubiri. Mbunge mmoja akawauliza, aliyekuja na ndege ya abiria kama watu wengine anyooshe mkono. Kimya. Akauliza tena, anayepanga kuuza ndege yake sasa hivi arudi na ya abiria anyooshe mkono. Kimya. Wakarudishwa nyumbani wakajipange. Desemba wamerudi, safari hii wanaendesha magari yao wenyewe kutoka Detroit, zaidi ya kilomita 800, yale magari ya kubana mafuta, na nahisi njiani walikuwa wanaombea yasizime maana hiyo ingekuwa aibu nyingine.

Sasa kuna watu mkishasikia hivi mnasema basi waachwe wafe, mbona sisi tunaachwa. Na mi nilikuwa kundi hilo, nilikuwa mwenyekiti kabisa, ila tuongee ukweli, waliachwa mara moja tukaona. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, Septemba 15, 2008, serikali ikasema huyu hapana. Haikupita hata wiki kila mtu akawa hamwamini mwenzake, mabenki hayakopeshani, mfuko mmoja mkubwa ambao watu walikuwa wanaweka akiba wakijua ni salama kama kabati ukashindwa kurudisha dola kwa dola, na kampuni ambazo hazijawahi hata kumjua huyo Lehman zikaanza kuhangaika kutafuta hela ya mishahara. Hapo ndo ubaya wa hawa watu ulipo, wanajifunga kamba moja na wewe bila kukuambia, akidondoka yeye unashangaa suruali yako inavutwa. Bosi wake akikosa kazi ataishi, ana akiba. Yule anayefagia kiwandani, na yule anayeuzia kiwanda bolti, na yule anayempikia huyo wa bolti, hao ndo wanaolala njaa. Kwahiyo GM ikabebwa, kama bilioni 50 hivi, serikali ikachukua asilimia kama 60 ya hisa, ikaja kumaliza kuziuza Desemba 2013 kwa hasara ya zaidi ya bilioni 10. Ford yeye hela hizo za uokozi hakuchukua, na nampa heshima yake, ingawa na yeye kwenye ndege alikuwepo.

Mi nasema hivi, kuokolewa waokolewe kama itabidi, sina roho mbaya. Lakini waokolewe kama mimi ninavyokopeshwa! Waweke dhamana. Walipe riba. Bosi aliyezamisha aondoke na boksi lake la karatasi mkononi. Na serikali ichukue hisa, siku mambo yakinyooka na sisi wenye hela za kodi tupate chetu. Hicho ndo kilio changu chote na sioni ugumu wake uko wapi, kwa sababu mimi nikichelewesha rejesho siku moja napigiwa simu na mtu ambaye hata salamu hana.

Badala yake tukapata nini? AIG, kampuni ya bima, kaokolewa Septemba 16, 2008 kwa bilioni 85 za kuanzia. Kabla wiki haijaisha kampuni yake tanzu ikapeleka watu hotelini California, ya kifahari, pembeni ya bahari, bili zaidi ya dola 440,000, na humo kama 23,000 ni za spa. Wanakandwa mgongo! Mi ndo niliyechoka wao ndo wanakandwa. Machi 2009 ikaja ya bonasi, milioni 165, kwa watu wa kile kitengo kilekile kilichoiangusha kampuni, na walipoulizwa wakasema ni mikataba, mikataba lazima iheshimiwe. Ona sasa. Mkataba wangu wa ajira una posho ya usafiri tangu naanza kazi, sijawahi kuiona hata kwa bahati mbaya, hakuna aliyewahi kuuheshimu.

Na Uingereza hivyohivyo, Royal Bank of Scotland imebebwa kwa pauni bilioni 45 na ushee, bosi wake Fred Goodwin kaondoka na pensheni ya pauni 703,000 kwa mwaka, kwa mwaka jamani, mpaka watu walipopiga kelele ndo akakubali ipunguzwe karibu nusu. 2012 wakamvua na cheo cha Sir. Sasa cheo unavua cha nini, vua pensheni!

Ikaja 2020, korona, nikasema sasa labda wamejifunza. Mashirika ya ndege ya Marekani miaka yote ya neema walikuwa wanachukua mabilioni ya faida wananunua hisa zao wenyewe, hisa zipande bei, na bosi analipwa kwa hisa kwahiyo unaelewa anacheka kiasi gani. Akiba ya siku mbaya hamna. Mvua imenyesha, wako mlangoni kwa serikali, na wakapewa, bilioni 25 za mishahara kwa mashirika ya abiria. Mimi nikienda kwa bosi wangu kuomba advansi ananipa somo la kuweka akiba la nusu saa, nimesimama.

Angalau walikuwepo wenye akili. Denmark ilisema kampuni iliyojisajili kwenye visiwa vya kukwepea kodi isije hapa kuomba msaada wa korona, na nilipenda sana hiyo, maana hawa wakati wa kulipa wana anwani ya kisiwani kwenye minazi, wakati wa kuomba wanakumbuka kwao ni wapi. Na Ujerumani ilipoibeba Lufthansa, mpango wa euro bilioni 9, ikachukua asilimia 20 ya hisa kwa kama milioni 300, ikasema gawio hakuna na bonasi za mabosi hakuna. Kampuni ikapona, ikarudisha mkopo, 2022 serikali ikamaliza kuuza hisa zake kwa faida ya milioni 760. Kumbe inawezekana! Mtu unakopeshwa, unabanwa, unalipa, na dunia inaendelea kuzunguka.

Lakini ngoja niwape ya mwisho maana hii huwa inaninyima usingizi. Tuwe wakweli, ile AIG ya bonasi na spa, kwenye mkopo wenyewe serikali iliibana kwelikweli, riba kali, hisa karibu asilimia 80 zikachukuliwa, na mwisho wa yote wizara ya fedha ikatangaza yenyewe na benki kuu kwa pamoja wamepata faida bilioni 22.7. Yaani kwa mara moja katika historia kampuni kubwa ikakopeshwa kama mimi. Unajua kilichotokea? Bosi wake wa zamani, Hank Greenberg, ambaye kampuni yake nyingine ilikuwa na hisa nyingi humo AIG, 2011 akaishtaki serikali. Kosa lao? Kwamba walipomwokoa walimwokoa kwa masharti magumu! Anataka fidia, bilioni na mabilioni. Na kuna wakati AIG yenyewe, imetoka tu kurusha matangazo kwenye televisheni ya kuwashukuru Wamarekani, ikakaa kikao kizima kujadili kama na yenyewe ijiunge kwenye kesi, ndo ikaona aibu ikaacha.

Kesi ikaenda, mwaka 2015 jaji akasema ni kweli, benki kuu ilivuka mamlaka yake. Greenberg kashinda. Alafu jaji akaulizwa sasa fidia ni kiasi gani, akasema sifuri, kwa sababu bila huo mkopo hizo hisa zako zisingekuwa na thamani yoyote, na rufaa ya 2017 ikamnyang'anya hata huo ushindi.

Sasa mi naomba kama kuna wakili anayesoma hapa anitafute. Mkopo wangu nao ulikuja na masharti magumu, riba kali na maneno makali kwenye simu, na mimi fidia ya sifuri sitaki makuu naipokea tu, shida yangu ni siku moja wale watu wasimame mbele ya jaji waeleze kwanini picha yangu ilirudishwa.