Haikuwa pembe, ilikuwa mizinga

Kwanza nisahihishe: kwenye mchoro wangu, bibi yangu hakuota pembe. Shoga yangu, yule asiyeweza kukaa na siri hata kahawa ipoe, amewarushia sauti kwenye kundi na sasa Majengo nzima wananiuliza habari za pembe. Ilikuwa mizinga. Mizinga ya Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa. Haya, tulieni niwape yenyewe.

Nilikuwa na michoro arobaini na kitu ya kupeleka kwenye usaili wa masomo ya sanaa. Mwalimu wangu wa zamani akanionya: wasaili hawataki rundo. Chagua 12, fungua na kali, funga na kali. Na vile vibonzo nilivyonakili kwenye simu nisithubutu kubeba hata kimoja, wanataka kitu nilichokaa nikakitazama kwa macho yangu. Nikatii. Ya kwanza nikaweka bibi akikuna nazi, mkaa mtupu kwenye karatasi ya A2, chini nikaandika "Bibi juu ya Mbuzi". Ya pili Fort Jesus, mizinga yake mbele.

Sasa mkaa hautulii. Ukiugusa tu, umeondoka na kidole. Kuna dawa yake ya kupuliza ili ushike, ila bei yake na mfuko wangu hawaamkiani. Wengi hutumia ile ya kukazia nywele, na dada yangu anayo. Usiku ule stima zilipotea. Nikapapasa kabatini, nikapata mkebe, nikapuliza kama naua mende. Nikapanga zote 12 ndani ya kadibodi, nikafunga na leso, nikalala.

Wapenzi, mkebe wa kukaza na mkebe wa kung'arisha hukaa rafu moja. (Dada, ungeweka hata alama.)

Asubuhi tuktuk, jua la saa sita kasoro, kadibodi mapajani inaiva taratibu. Nikaingia. Wasaili watatu: wanaume wawili, na mama mmoja wa bara mwenye miwani. Feni inazunguka juu. Nikafungua fundo la leso.

Harufu ikatangulia. Nazi. Si ya kukunwa, ni ile ya saluni Ijumaa jioni.

Nikashika kona ya bibi, nikavuta. Haji. Nikavuta tena, polepole, na tabasamu usoni kama mtu anayebandua plasta ya mtoto. Shrrrp. Karatasi imelowa mafuta hadi inaonyesha upande wa pili, kama ile wanayofungia bajia. Mama akaichukua kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na hapo ndipo sote tulipoona: Fort Jesus imejibandika mgongoni mwa karatasi na inachungulia mbele. Mzinga mmoja umetoka sikio la kushoto la bibi. Wa pili, la kulia.

Kimya. Feni tu.

"Mbuzi yuko wapi?" mama akauliza.

"Ndiyo hiyo aliyoikalia, mwalimu. Ya kukunia nazi."

"Aaa. Na hii harufu?"

Hapa ningesema kweli. Nyinyi mngesema kweli? Mimi nikajisikia nikijibu, "Nimekusudia. Nilitaka mtazamaji aifikie nazi kwa pua pia."

Wakatazamana. Mmoja akaandika kitu. Mwingine akatikisa kichwa, kwa heshima kabisa, wallahi. Kwa muda wa pumzi tatu nilikuwa msanii mkubwa pwani hii yote.

Kisha mama akachukua ya pili. Akaipeleka puani. Akavuta pumzi. Akavua miwani.

"Na Wareno nao walikuwa wakikuna nazi?"

Ngome imeanza kujengwa 1593, haijawahi kunukia hivyo mpaka niliposhika mkebe mimi. Nilitaka kujibu, ulimi ukakataa. Yule aliyeandika akakata alichoandika. Nilimwona.

Basi wakacheka hadi wakafuta machozi, kwa mikono yenye mkaa, sasa wote watatu wana wanja. Kilichoniokoa ni daftari langu la michoro ya harakaharaka ya sokoni Marikiti, ambalo sikulipuliza. Nimepewa wiki mbili nirudi na kazi kavu. Dada hasemi nami, nimemaliza mkebe wake.

Bibi ameomba picha yake aitundike sebuleni. Anasema tangu azaliwe hakuna aliyemtoa na ngozi inayong'aa vile.